Wageni Kumi na Mmoja: Kusoma Shajara ya Wilford Woodruff

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia ubaoni sifa za shajara: huandikwa kwa nafsi ya kwanza, huwa na tarehe, huwa ya siri, na hueleza hisia za ndani za mwandishi. Tulizikariri, mtihani ukaja, tukapata alama. Nilizibeba sifa hizo mpaka chuo kikuu bila kuzitilia shaka, hadi muhula uliopita mhadhiri wetu wa tafsiri alipotugawia kurasa za shajara ya Wilford Woodruff, kiongozi wa Wamormoni wa Marekani wa karne ya 19, tuzitie katika Kiswahili. Kati ya zile sifa nne, mbili zilianguka siku ya kwanza. Shajara hiyo haikuwa siri, na hisia za ndani ilibidi uzitafute kwa kurunzi.

Kwa asiyemjua: Woodruff alizaliwa Connecticut mwaka 1807, akabatizwa katika kanisa la Joseph Smith siku ya mwisho ya mwaka 1833, akafanywa mtume mwaka 1839. Tarehe 24 Julai 1847 aliingia katika bonde la Salt Lake, na ndani ya gari lake la farasi alilala mgonjwa Brigham Young, mkuu wa msafara. Alikuwa rais wa kanisa tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1898. Katika muda huo wote, zaidi ya miaka 60, aliandika. Chapa ya shajara yake iliyohaririwa na Scott G. Kenney kati ya 1983 na 1985 ina majuzuu tisa, na siku hizi picha za kurasa zenyewe zinasomeka bure kwenye intaneti. Sijazisoma zote. Nimesoma miaka ya mwanzo ya makazi ya Utah, miaka ya uzee wake, na huku na huku katikati, kwa hiyo ninayoyasema hapa yachukuliwe kwa kipimo hicho.

Nataka kuonyesha kwamba shajara ya namna hii haiandikwi na moyo bali na ofisi, hata pale inapozungumzia viazi. Pia nataka kuonyesha kwamba anayeisoma ili ajue maisha ya kila siku ya kiongozi wa dini katika makazi mapya lazima kila mara ajiulize ni nani aliyeibeba siku hiyo mgongoni. Nitamtumia na kumkosoa Laurel Thatcher Ulrich, mwanahistoria aliyeuliza swali hilo kabla yangu na kwa ujuzi ambao sina.

Nianze na viazi. Siku ile ya kuingia bondeni, ambayo Wamormoni huiadhimisha mpaka leo, Woodruff anaeleza furaha ya kuliona bonde, kisha anaeleza kwamba alikwenda shambani kupanda viazi vyake kabla hajatia kitu kinywani. Majuma mawili na zaidi kabla ya hapo, msafara ulipopumzika Fort Bridger, wenzake walikuwa wakivua kwa chambo cha nyama na panzi wala hawapati kitu. Yeye akatoa fimbo ya kuvulia aliyoinunua Liverpool alipokuwa mmisionari, akafunga ndoana yenye nzi wa bandia, na samaki wakaja. Anaisimulia habari hiyo kwa raha ya mtoto. Nilipoisoma nilimpenda mzee huyu, na nasema hivyo mapema ili nisionekane nimemjia na kisu mkononi.

Makazi yalipokwisha kusimama, siku zake zilijaa mambo ambayo kwetu tungeyagawa kwa watu watano. Asubuhi anakwenda korongoni kuleta kuni kwa gari la ng'ombe, au anapandikiza vikonyo vya miti ya matunda, kazi aliyoipenda kuliko zote. Mchana yuko katika ofisi ya historia ya kanisa, ambako alikuwa msaidizi wa mwanahistoria tangu 1856. Kuna baraza la mitume, kuna ibada za kufungisha ndoa za milele, kuna mgonjwa wa kuwekewa mikono. Maji ya kumwagilia yaligawiwa kwa zamu, na zamu haimwulizi mtu kama yeye ni mtume. Huko hapakuwa na kasisi wa mshahara. Askofu wa kata alikuwa mkulima au mhunzi kama jirani zake, na zaka aliipokea kwa ngano, mayai, siagi na kuku, akaitia ghalani. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kumwona askofu katika gari lenye vioo vyeusi, picha hii ina mvuto wake.

Katika kutafsiri nilikwama kwenye fungu dogo la maneno ambalo Woodruff analirudia sana: kwamba siku fulani aliitumia ofisini, au bustanini, au mkutanoni. Kiswahili kina kitenzi chake: kushinda. Nilishinda ofisini. Nilishinda bustanini. Lakini kushinda ni pia kumshinda mtu, na nilipozipanga sentensi hizo moja chini ya nyingine kwenye daftari langu, zilianza kusema kitu ambacho Kiingereza chake hakikukisema. Huyu ni mtu anayeishinda siku. Kila jioni anaandika ushindi wake. Mwisho wa mwaka anajumlisha: maili alizosafiri, mikutano aliyohudhuria, mahubiri aliyotoa, barua alizoandika, watu aliowabatiza. Hesabu ya maisha yake yote inapita maili 170,000 na mikutano 7,600. Pembeni anachora vijipicha: barua iliyokunjwa, ufunguo, moyo, jeneza. Aliorodhesha hata ajali zake, mifupa aliyovunjika tangu utotoni, mti uliomwangukia mwaka 1846 ukamvunja mbavu, kana kwamba ajali nayo ni daftari la hesabu linalomdai Mungu au linalodaiwa naye.

Sababu ya kuandika hivyo inajulikana. Woodruff aliamini kwamba ameitwa kuwa mwandishi wa matendo ya watu wake. Ndiyo maana mahubiri ya Joseph Smith na ya Brigham Young yanachukua kurasa nzima, wakati ugonjwa wa mtoto unaweza kuchukua mstari mmoja. Aliandika akijua kwamba atasomwa. Sasa, mwandishi anayejua atasomwa si mwongo kwa sababu hiyo, lakini amekwisha kuchagua mahali pa kusimamisha taa. Na mwanafunzi anayeambiwa shajara ni ya siri atadhani kwamba penye giza hapana kitu.

Giza la kwanza tuliligundua tukiwa darasani, tena kwa ugomvi. Tuliwaiteje watu hawa waliokuja bondeni na magari ya ng'ombe? Mwenzetu mmoja alipendekeza waanzilishi, mwingine mahujaji, kwa sababu walikuwa wamefukuzwa Illinois wakatafuta mahali pa kuabudu kwa amani. Mimi nilisema walowezi. Darasa likachangamka. Neno hilo kwetu lina harufu. Ukilitamka, mtu wa Afrika Mashariki anaona nyanda za juu za Kenya, anaona hati za ardhi na kipande kinachoning'inia shingoni. Wenzangu walisema ninawahukumu kabla ya kuwasoma. Huenda. Lakini bonde lile na nchi inayolizunguka zilikuwa za Washoshone, Wagoshute na Waute, na kusini kulikuwa na Wapaiute. Brigham Young alipofariki mwaka 1877 makazi ya Wamormoni yalikuwa yamepita 300. Vita na Waute wa Wakara vilizuka mwaka 1853, vile vya Black Hawk mwaka 1865. Mwaka 1852 bunge la Utah lilitunga sheria iliyoruhusu watoto wa wenyeji kufungwa kwa mkataba wa utumishi kwa miaka mingi. Watu wanaweza kufukuzwa kwao na wakafika kwingine wakiwa walowezi. Hakuna ubishi kati ya hayo mawili. Woodruff mwenyewe anaandika juu ya wenyeji kwa huruma wakati mwingine, kwa hofu wakati mwingine, lakini mpaka wa shamba lake hauna historia kabla yake. Udongo unaanza siku viazi vilipopandwa. Tulikubaliana kuandika walowezi, kwa kura, na kura ilikuwa karibu sana.

Giza la pili liko jikoni. Woodruff anakula kwa watu wengi. Anasafiri, analala kwa Ndugu fulani, anapata chakula cha mchana kwa Ndugu fulani. Kiswahili hapa kinamsaidia kuficha, maana sisi pia tunasema nilikula kwa Ndugu Petro, na kwa hilo dogo linameza nyumba nzima na kila aliyeshika mwiko ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa na wake kadhaa. Phebe Carter alimwoa mwaka 1837, na wengine waliingia baada ya mafundisho ya ndoa ya wake wengi kuanza. Watoto wake wote walipita 30. Nyumba ya namna hiyo haijiendeshi. Kuna nguo, kuna maziwa, kuna uzazi, kuna mazishi ya watoto wachanga. Wakati Phebe na wenzake wakiyashughulikia hayo, yeye alikuwa anashinda.

Hapa ndipo Ulrich anapoingia. Kitabu chake cha mwaka 2017, A House Full of Females, kimechukua jina lake kutoka katika shajara hiihii. Siku moja ya mwaka 1857 Woodruff alifika kwenye mkutano wa chama cha wanawake wa Kata ya 14, ambacho Phebe alikuwa mwenyekiti wake, akaandika kwa kupita tu kwamba nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanaoshona. Kwake lilikuwa jambo la mstari mmoja. Ulrich aliuchukua mstari huo akauliza: wanawake gani? Walishona nini? Waliambiana nini sindano zikienda? Akatafuta barua, kumbukumbu za vikao, shajara za wake, hata blanketi la vipande lililoshonwa na wanawake wa kata hiyo mwaka huohuo na ambalo warithi walikuja kulikata katikati wakagawana. Ni kazi ya ajabu. Mtu aliyepata kusoma kitabu chake cha zamani juu ya mkunga Martha Ballard, kilichompa tuzo ya Pulitzer, ataitambua njia yake: hachoki na mambo madogo, na hamdharau mtu kwa kuwa aliandika habari za sabuni.

Nina malalamiko mawili juu yake, nayo nayasema kwa adabu ya mwanafunzi. La kwanza ni upole wake. Tarehe 13 Machi 1853 Woodruff alifungishwa ndoa na wasichana wawili kwa siku moja, Emma Smith na Sarah Brown. Emma alikuwa ametimiza miaka 15 siku 12 tu kabla ya hapo. Bwana harusi alikuwa na 46. Ulrich hulieleza jambo la namna hii, huliweka katika mazingira yake, huonyesha kwamba wanawake wenyewe walikuwa na sauti na hoja, kisha huendelea. Najua mwanahistoria si hakimu. Najua pia kwamba yeye ni muumini wa kanisa hilo na anaandika kwa heshima ya watu wake, jambo ambalo halimpunguzii usomi wake. Lakini kutohukumu nako ni kuchagua mahali pa taa. Msomaji wa kike wa darasa letu alisema jambo ambalo sikuwa nalo: kwamba kitabu kinatuonyesha wanawake waliokuwa na nguvu za kutosha kuandika, na msichana wa miaka 15 siku ya ndoa yake hakuwa mmoja wao.

La pili ni kwamba kitabu kinaishia mwaka 1870, mwaka ambao wanawake wa Utah walipata haki ya kupiga kura. Ni mahali pazuri pa kuishia, na ndiyo shida yake. Baada ya hapo inakuja miaka ya 1880, sheria za serikali kuu dhidi ya ndoa za wake wengi, wanaume kujificha, na kura yenyewe kuondolewa mwaka 1887. Phebe alifariki Novemba 1885. Mumewe alikuwa anatafutwa na maafisa, hakuweza kuonekana mazishini. Aliutazama msafara wa jeneza ukipita, yeye akiwa dirishani. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko wowote mwingine. Mtu aliyehesabu maili zote za maisha yake hakuweza kutembea hatua zile chache.

Naomba nitoke Utah kidogo. Babu yangu alikuwa katekista chini ya milima ya Rwenzori, upande wa Uganda, miaka ile mgodi wa shaba wa Kilembe ulipokuwa ukileta watu kutoka kila upande na Kiswahili kikija pamoja nao. Aliacha madaftari saba ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Aliandika Kitooro kilichochanganyika na Kiswahili cha mgodini. Kanisa lilipokuwa linaandaa kijitabu cha yubilei, kamati ilinipa madaftari hayo niyachape, kwa kuwa mimi ndiye mjukuu mwenye kompyuta. Yanafanana na ya Woodruff kiasi cha kunitia hofu. Tarehe, mahali, idadi. Waliobatizwa 9. Mkutano wa wazee, wageni 11, mvua.

Niliporudi nyumbani likizo nilimsomea bibi mistari hiyo. Bibi haoni vizuri siku hizi, lakini masikio anayo. Nilipofika kwenye ule mkutano alinikatiza.

"Kumi na moja? Araali, walikuwa kumi na wanne."

Nikamwambia babu ameandika kumi na mmoja, tena kwa tarakimu.

"Watatu walikuwa jikoni na mimi," akasema. "Hao hakuwahesabu."

Akawataja kwa majina na empaako zao, mmoja mmoja, akaniambia nani alileta mihogo, nani alikuwa mjamzito, na kwamba jogoo aliyechinjwa siku ile alikuwa amewekwa kwa ajili ya karo ya mama yangu. Niliiandikia kamati nikapendekeza tanbihi ndogo chini ya ukurasa. Jibu lilikuja kwamba kijitabu ni cha kumbukumbu ya mzee na tusiongeze mambo. Sikubishana. Kijitabu kimechapwa na kinasema 11, na aliyechapa 11 ni mimi. Ninapomlaumu Woodruff kwa mstari wake mmoja juu ya nyumba iliyojaa wanawake, basi, nafanya hivyo kama mtu aliyewahi kuandika mstari kama huo akiwa na ukweli mezani.

Narudi kwake, kwenye ukurasa uliokuwa sehemu ya zoezi langu. Lakini kwanza ule wa mwaka 1852. Mwezi Februari mwaka huo Brigham Young alilihutubia bunge la Utah, akatangaza kwamba watu wa asili ya Afrika hawawezi kupewa ukuhani. Mojawapo ya kumbukumbu kuu za hotuba hiyo imo katika shajara ya Woodruff. Aliandika kwa bidii ileile aliyoandikia mahubiri mengine. Zuio hilo liliondolewa mwaka 1978. Kwa miaka 126, basi, kijana mweusi kama mimi angeweza kubatizwa katika kanisa hilo lakini hangeweza kuwa shemasi, cheo ambacho wenzangu weupe wangekipata wakiwa na miaka 12.

Ukurasa wenyewe ni wa Oktoba 1894. Woodruff sasa ni rais wa kanisa, ana miaka 87. Siku hiyo alikutana na watu mbalimbali wenye haja zao, na miongoni mwao alikuja mwanamke aliyeomba aruhusiwe kupata ibada zake hekaluni. Anaandika kwamba hakuweza kumkubalia, kwa kuwa ni kinyume cha sheria ya Mungu, akataja habari ya Kaini na Abeli. Basi. Jina la mwanamke ameliandika la kwanza tu, likitanguliwa na rangi yake.

Mwanamke huyo ni Bi Jane Manning James. Alizaliwa huru, Connecticut, jimbo lilelile la Woodruff. Alipokwisha kubatizwa alifunga safari na ndugu zake kwenda Nauvoo kwa Joseph Smith. Walipokataliwa katika chombo kwa ajili ya rangi yao walitembea kwa miguu, mamia ya maili, mpaka nyayo zikapasuka na kuacha damu njiani. Alifanya kazi katika nyumba ya Smith. Alifika bonde la Salt Lake mwaka 1847, mwaka uleule wa viazi. Kwa hiyo alipoingia kwa Woodruff siku ile ya 1894 hakuwa mgeni. Walikuwa wameishi katika bonde moja karibu nusu karne. Miezi mitano kabla ya hapo kanisa lilikuwa limemfanyia ibada ya kumuunganisha milele na familia ya Joseph Smith, akiwa mtumishi. Hakuruhusiwa hata kuingia hekaluni kwa ibada hiyo yake mwenyewe. Mwanamke mwingine alisimama badala yake.

Bi Jane anaonekana pia katika shajara nyingine. Eliza Partridge Lyman alikuwa mke wa mtume Amasa Lyman, na mwaka 1849 mumewe aliondoka kwa safari ya kanisa kwenda California bila kumwachia unga. Eliza ameandika kwamba Jane James alimpa ratili mbili za unga, nao ulikuwa nusu ya unga wote aliokuwa nao. Naye pia ametaja rangi, tusimpambe. Lakini jina kamili lipo, kipimo kipo, na ile nusu ipo. Nimeziweka kurasa hizi mbili kando kwa kando mezani mwangu. Eliza alihesabu kwa kuwa alikuwa na njaa. Woodruff, bingwa wa hesabu, aliyehesabu hata barua, hakuwa na safu ya kuhesabia kitu ambacho mwanamke huyo alikuwa ametoa.

Nina rafiki darasani ambaye ni muumini wa kanisa hili. Vijana wao wenye mashati meupe na vibao vya majina kifuani wanajulikana Kampala. Nilimwonyesha rasimu ya makala haya. Hakukasirika. Alisema: "Lakini yeye ndiye aliyeandika. Angetaka kuficha, asingeandika, na wewe usingejua." Ni hoja nzito, nami sina jibu lake kamili. Ni kweli kwamba shajara ya Woodruff inamshitaki Woodruff kuliko mshitaki yeyote. Ni mwaminifu katika hilo. Tarehe 25 Septemba 1890, alipoandika kwamba imembidi achukue hatua kwa ajili ya wokovu wa kidunia wa kanisa lake, yaani kutangaza mwisho wa ndoa mpya za wake wengi, aliiandika hatua hiyo kubwa katika kitabu kilekile cha nyasi na matofaa, wala hakujipamba. Lakini ukurasa wa 1894 sidhani kama unatokana na ujasiri wa kuungama. Aliandika kwa sababu hakuona cha kuficha. Lilikuwa jambo la ofisi kati ya mambo ya ofisi ya siku hiyo, na siku ilikuwa nzuri, na alikuwa ameishinda.

Wengine watasema alikuwa mtu wa zama zake. Bi Jane naye alikuwa mtu wa zama hizohizo, katika mji huohuo, akisali katika kanisa hilohilo, na yeye aliona vingine. Akaenda kusema, zaidi ya mara moja, mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1908 bila kupewa alichokiomba. Zama zilikuwa na watu wengi ndani yake. Shajara imetuachia sauti ya mmoja.

Tafsiri yangu ya ukurasa huo ilirudishwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika "Bi Jane". Mhadhiri alilikata neno Bi, akaandika pembeni kwamba mfasiri hana ruhusa ya kumpa mtu heshima ambayo mwandishi hakumpa, na kwamba nikiificha dharau ya Woodruff nitakuwa nimemsafisha. Alikuwa na haki, nikasahihisha, nikaweka rangi na jina la kwanza kama yalivyo. Hiyo ni tafsiri, ni ya Woodruff. Makala haya ni yangu.